Mtumiaji Evaristi Amekubali Maboresho

Ijumaa, 7 Juni 2024

Siku njema. Naiandika kwa sababu hazipo nyingi. Meneja Cleophas amepita mezani kwangu mara mbili na hakuuliza kitu.

Vibali kumi na tisa vimetoka leo. Msimu wa kurina asali umeanza, wafuga nyuki, wanachama wa Umoja wetu, wanajaa barazani tangu saa moja asubuhi. Bila kibali chenye namba za mizinga yako kutoka kwenye Rejesta, orodha yetu ya kompyuta, askari wa msitu hakuruhusu hata kuchungulia. Rejesta ndiyo Umoja, Umoja ndio Rejesta. Alisema Meneja siku ya uzinduzi na bado iko kwenye bango, ingawa bango limeanza kung'oka upande wa Umoja.

Saa nane mchana ujumbe ulijitokeza kwenye skrini. Kuna maboresho mia mbili na kumi na manne yanasubiri. Unakubali? Ndiyo au Hapana.

Nimeutazama dakika kumi. Hapana ni neno kali kwa mtu aliye kwenye kipindi cha majaribio. Nimebonyeza Ndiyo. Mistari ikashuka, ikashuka, mwisho ikasema maboresho yataanza kazi siku mashine itakapozimwa na kuwashwa. Sikuizima. Hilo sikuagizwa na mtu.

Zimebaki siku ishirini na tatu nithibitishwe kazini. Mama huko Makambako ameshawatangazia kanisani kwamba nimethibitishwa.


Jumatatu, 10 Juni

Rejesta haiamki!

Umeme ulikatika jana adhuhuri ukarudi jioni. Betri ilivumilia nusu saa, nayo ikazimika. Asubuhi hii sava inanguruma, taa za kijani zinapepesa kama kawaida — Rejesta hakuna. Skrini nyeusi, mistari miwili ya Kiingereza. Nimeinakili kwa mkono, herufi kwa herufi. Ninavyoelewa inasema: keneli imeshindikana kufunguliwa, namna ilivyobanwa haijulikani.

Keneli ni kiini cha mfumo. Chuoni niliandika hivyo kwenye mtihani, nikapata alama, nikasahau.

Nimempelekea Meneja karatasi. Akaisoma akiwa amesimama.

"Haijulikani na nani?"

Na mashine, mheshimiwa.

"Mashine ni ya Umoja. Ikisema haijui, ni sisi tuliosema hatujui. Hii usiiandike mahali popote."

Tayari nilikuwa nimeiandika mahali pawili.

Saa nne watu thelathini na mmoja barazani. Khamisi wa stoo akapendekeza tuandike vibali kwa mkono, kama zamani. Daftari la mkono liliagwa rasmi mwaka juzi, kwa ngoma, mbele ya wageni. Likirudi leo, wageni watasemaje? Khamisi akasema alikuwa anatania.

Wafuga nyuki wameambiwa warudi kesho.


Jumanne, 11 Juni

Imeundwa Kamati ya Dharura. Wajumbe saba. Mimi katibu: sina kura, namimina chai.

Ajenda ya kwanza ilikuwa chai yenyewe, maana ilikuwa haina tangawizi. Ya pili: kwa nini keneli ilibanwa, na aliyeibana alipewa kibali na nani. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba keneli zote zinabanwa huko zinakotengenezwa, ili zisichukue nafasi.

"Nafasi tunayo," Meneja akasema. "Chumba kizima kile." Wajumbe wakakubaliana. Imeingia kwenye kumbukumbu kwamba Umoja unayo nafasi.

Halafu mmoja akauliza nani alikuwa wa mwisho kuingia chumba cha sava. Nikatumwa kuleta daftari la mlangoni. Jumamosi, saa mbili asubuhi: Generosa. Kupiga deki.

"Maji!" akasema Meneja, kama aliyemwona nyoka.

Generosa, mhudumu wetu, akaitwa. Alisimama mlangoni na kanga yake ya kazi kiunoni.

"Maji gani, bosi? Mimi tambara nalikamua mpaka linalia. Chumba kile nakipiga deki mwaka wa sita huu, hakijawahi hata kupiga chafya."

Khamisi akacheka. Akatazamwa. Akaacha.

Uamuzi: Generosa asimame kazi. Kama hadi Ijumaa hakijapatikana chanzo kingine, barua ya kumwachisha itoke. Vifaa vyake vihifadhiwe kwa uchunguzi. Nimeandika lebo mimi mwenyewe. Kielelezo A: ndoo ya bluu, moja. Kielelezo B: tambara la deki, moja, bado lina unyevu. Viko kwenye kabati la mafaili, chini ya kufuli. Tayari mafaili ya herufi M yananuka.

Barua nitaichapa mimi. Kila kitu hapa nachapa mimi.


Jumatano, 12 Juni

Ni mimi.

Saa ya chakula nimekaa nyuma ya stoo ya mizinga na simu, nikatafuta ile mistari miwili neno kwa neno. Kumbe imewakuta watu dunia nzima! Wanagombana humo kama wako sokoni, lakini kisa ni kile kile. Sava yetu ni chuma kimoja, ila ndani yake zimo mashine pepe tatu, mashine za kufikirika tu, na Rejesta ni mojawapo. Chuma ni cha zamani, tulipewa na mradi uliokuwa unafunga ofisi. Mashine pepe ikikubali maboresho inapata keneli mpya, imebanwa kwa namna mpya. Kiprogramu cha ndani ya chuma kinachoiamsha — wanakiita butiloda — kinajua namna za zamani tu. Kikiiona hii mpya kinakwama. Ila hakikwami siku ya kukubali. Kinakwama siku ya kuwasha upya.

Ijumaa nilikubali. Jumapili umeme ukakatika. Jumatatu ikawashwa.

Tambara la Generosa halihusiki hata kwa tone.

Nimesoma mara tatu nikitafuta mahali ambapo si mimi. Hakuna.

Nikajiambia: sasa ni rahisi, Aneth. Unasimama, unagonga mlango, unasema. Nilikwenda hadi mlangoni. Nilisimama. Meneja akasema "Ingia!" Nikaingia nikamuuliza kama ana kalamu ya ziada. Akanipa. Sasa nina kalamu yake.

Jioni nimekutana na Generosa sokoni, anauza majani ya kunde ya jirani yake. "Mwanangu, huko ofisini vumbi halijambo?" Nikamwambia halijambo. "Lisalimie," akasema, akanifungia kunde bure. Nimezipika. Nimezifunika kwa sahani.

Kesho nitasema.


Alhamisi, 13 Juni — Kasulu

Sikusema. Nimetumwa Kasulu.

Wataalamu wa Dar walijibu watakuja baada ya wiki tatu, na kwanza tuwajazie fomu kwenye mfumo, ule ule ambao hauamki. Meneja akakumbuka kwamba tawi letu la Kasulu lina fundi, Shadia, ana duka lake karibu na soko, anatengeneza simu na printa na chochote chenye waya. Nimepewa lifti kwenye Hilux ya Umoja, nimekaa mbele na karatasi yangu mapajani. Nilikuwa naishika kana kwamba ingeruka dirishani.

Shadia ana umri kama wangu, labda kasoro. Baba yake ni wa Tanga, kwa hiyo ananyoosha maneno. Alisoma karatasi akiwa ameshika koleo mdomoni. Akalitoa akacheka.

"Jamani! Hii naijua. Keneli yenu imekuja na suti mpya."

Nikamwambia Kamati itataka maelezo rahisi zaidi. Akaniburuta mlangoni akaninyooshea kidole ng'ambo ya barabara, wanakoshusha mitumba.

"Unaliona robota lile? Nguo za watu mia nne, zimekandamizwa zikawa mfuko mmoja. Ndiyo keneli hiyo. Wanaibana ili isafiri vizuri. Ikifika, mwenyeji anakata kamba, nguo zinafumuka, biashara inaanza. Sasa zamani walifunga kwa kamba ya katani, mkasi unatosha. Siku hizi wanafunga kwa mkanda wa chuma. Hicho chuma chenu cha mradi bado kimekaa na mkasi wake, kinalitazama robota."

Sasa dawa?

"Tatu. Fungua robota la zamani, lipo, halijatupwa. Au nenda ukakate mkanda nje, kwa kifaa kingine, umletee nguo zilizokwisha fumuka. Au nunueni chuma kipya." Akanitazama. "La tatu tusilitaje."

Halafu akauliza, huku anatafuta flashi kwenye droo, bila hata kuniangalia: "Na nani aliapdeti?"

Nikasema sijui.

"Hujui."

Sijui.

"Haya, dada," akasema. "Itasema yenyewe ikiamka. Huwa zinaandika kila kitu."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Rejesta ikiamka, inaamka na kumbukumbu zake! Nani, saa ngapi, amebonyeza nini. Njia nzima ya kurudi kwetu Kibondo Shadia alikuwa anachati kwenye simu yake, mimi nilikuwa naomba. Aibu kuandika nilichoomba. Niliomba isiamke.


Ijumaa, 14 Juni

Imeamka saa sita na robo.

Lakini kwanza, Kamati. Shadia alieleza robota, mkasi, mkanda. Alieleza vizuri. Mjumbe mmoja akauliza ni kwa nini mitumba imehifadhiwa kwenye sava ya Umoja. Mwingine akataka ijulikane kama imelipiwa ushuru. Nikaandika yote. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa, si yanayofaa.

Kisha shida ya kweli. Shadia akasema ataanza kwa kuiamsha Rejesta na keneli ya zamani. Meneja akaweka kikombe chini.

"Kurudi nyuma?"

"Kidogo tu, bosi."

"Mpango wetu wa miaka mitano unaitwa Hatua Moja Mbele. Uko ukutani hapo nyuma yako. Niwaambie nini wanachama, kwamba tumepiga hatua moja nyuma?"

Barazani kulikuwa na watu sabini. Mmoja alikuwa amelala kwenye gunia lake la vifaa vya kurinia.

Shadia hakubishana. Akasema, "Bosi, umetoka nyumbani, umefika getini, umekumbuka umesahau funguo. Unarudi ndani kuzichukua, halafu unatoka. Hapo umerudi nyuma?"

Meneja akaugeukia mpango ukutani. Akasema hapo mtu hajarudi nyuma, amerudi ndani. Ikapita kwa kura saba.

Chumba cha sava kina vumbi la siku sita, na hakuna wa kulipiga deki maana ndoo ni kielelezo. Shadia alipiga magoti kwenye vumbi na kibodi mapajani. Kwenye orodha ya kuamshia zilikuwapo keneli mbili, mpya juu, ya zamani chini. Akashuka chini, akabonyeza. Mistari ikaanza kupita. Rejesta ikaja! Nilitamani kulia, kwa sababu mbili tofauti. Halafu, ikiwa macho, akaichukua keneli mpya akaifumua kwa kiprogramu chake cha kwenye flashi. Ikavimba, kutoka megabaiti kumi na nne hadi sitini. Akairudisha mahali pake ikiwa imefumuka, akazima, akawasha. Ikaamka tena, na mpya. Akazuia isije ikachukua robota jingine peke yake hadi Umoja upate chuma kipya. Dakika arobaini zote hizo. Kamati ilikuwa imekaa saa tatu.

Vibali hamsini na vinne hadi jioni. Vidole vinauma. Watu walifurahi hadi mtu mmoja aliacha kuku hai mezani kwangu na kukimbia kabla sijamkatalia.

Nikamwambia Meneja, basi Generosa arudi. Niliisema haraka ili nisijisikie. Akasema: "Mgonjwa kupona si ushahidi kwamba hakupigwa." Anataka chanzo. Akamwagiza Shadia achape kumbukumbu ya Ijumaa iliyopita, siku ambayo Shadia alisema keneli mpya iliingia, iwekwe kwenye bahasha, ifunguliwe mbele ya Kamati Jumanne, maana Jumatatu ni Idd. Barua ya Generosa isubiri hadi hapo.

Shadia alichapa, akaniita nione kabla hajafunga. Mstari mmoja tu kati ya mingi. Tarehe saba Juni, saa nane na dakika kumi na moja mchana. Mtumiaji: evaristi. Amekubali maboresho. Ndiyo.

Evaristi!

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilipoanza Januari nilipewa meza ya karani aliyestaafu, Mzee Evaristi, na kiti chake, na muhuri wake, na jina lake la kuingilia na paswedi yake. Kwa sababu jina jipya linahitaji barua. Barua niliandika, wiki ile ile. Iko kwenye trei ya Yanayoshughulikiwa. Ofisini kwetu mtu anastaafu peke yake, jina linabaki kazini. Mwezi wa pili wakaja wakaguzi wakauliza kama akaunti za waliostaafu zimefungwa. Meneja akasaini kwamba zimefungwa zote. Niliichapa mimi ile taarifa, nikiwa nimeingia kama Evaristi.

Shadia akaunganisha haraka kuliko nilivyotaka. "Huyo Evaristi anakaa wapi?" Kasanda, amestaafu. "Na meza yake?" Nikaichukua flashi yake nikaifuta vumbi. Akapiga mluzi mdogo. "Mimi nimeitwa kutengeneza mashine, dada," akasema, akafunga bahasha kwa ulimi.

Niandike ukweli hapa, kama si hapa ni wapi. Nilipoona jina lile si langu, moyo ulipoa kama mtu aliyeingia kivulini.


Jumapili, 16 Juni

Kanisani mahubiri yalikuwa juu ya mavuno. Nimeyasikia kama yanahusu kumbukumbu za sava.

Nimepiga hesabu ya siku badala ya kuomba. Kumi na nne.


Jumatatu, 17 Juni

Idd. Khamisi ameniletea pilau kutoka kwa mkewe. Tumekaa uani. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, hivi wajumbe wanajua mimi natumia jina la nani kwenye mashine?

Akatafuna. "Dada Aneth, kila mtu anajua. Hata kuku uliyeletewa Ijumaa anajua."

Basi kesho itakuwaje?

"Kesho tutakunywa chai."


Jumanne, 18 Juni

Walikunywa chai.

Meneja alifungua bahasha, akasoma mwenyewe. Alipofika kwenye jina, akasimama. Nilimwona akitazama mezani kwangu, halafu ukutani, halafu akiona ile taarifa ya wakaguzi kichwani mwake. Nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua. Wajumbe wote wakaangalia vikombe vyao. Sijawahi kuona watu wazima wanaopenda chai kiasi kile.

"Evaristi," akasema Meneja. "Basi aitwe Evaristi."

Hakuna aliyeuliza mzee wa Kasanda, aliyestaafu, alifikaje kwenye sava yetu Ijumaa saa nane. Mmoja alisema siku hizi kuna intaneti. Wakatikisa vichwa kwa masikitiko, kama watu walioonywa mapema juu ya intaneti.

Adhabu ikajadiliwa kabla ya kosa, ili kuokoa muda. Hayuko kazini, haachishwi. Lakini ni mwanachama, ana mizinga arobaini na miwili msituni. Afutwe kwenye Rejesta msimu huu mmoja. Asali ya mizinga arobaini na miwili, ikae humo humo igande au waile nyegere.

Generosa amerudishwa. Vielelezo vimetolewa kabatini, mimi ndiye niliyebandua lebo. Alinusa tambara. "Hili mmelizika hai," akasema. Akaanza na chumba cha sava. Alikuwa anaimba. Nilitegemea nikimsikia nitapata nafuu.

Nikaandika barua ya wito. Haikutaja kosa. Inasema aje "kutoa ufafanuzi". Nikaisaini kwa niaba ya Meneja. Nikagonga muhuri, wa Evaristi.


Jumatano, 19 Juni

Naandika mezani, ofisini. Sijawahi kulitoa daftari hili hapa. Nikiandika natulia, ndiyo sababu tu.

Mzee Evaristi amefika saa nne kwa pikipiki. Koti la kijivu, kalamu mbili mfukoni, chupa ya asali mkononi. Aliingia akisalimia kila meza kwa Kiha, "Mwakeye! Mwakeye!", na kila meza ikainuka. Alikuja kama mtu anayeitwa kupewa cheti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ndiye wewe unayekalia kiti changu? Hakikuumi mgongo?"

Kidogo, mzee.

"Weka gazeti upande wa kushoto. Miaka thelathini na moja nimeweka gazeti."

Meneja akamweleza. Kwa upole mkubwa, ule upole wa mtu anayekupa kiti kibovu. Jina lake limeonekana kwenye mashine, Ijumaa tarehe saba, likikubali mambo.

Mzee akafikiri. "Tarehe saba nilikuwa shambani Kasanda."

"Wewe ulikuwa Kasanda, mzee. Jina halikuwa Kasanda."

"Hapo kweli." Akajikuna kidevu. Nilidhani atakasirika. Nilimwombea akasirike! Badala yake alianza kujitafuta mwenyewe. "Basi labda siku ile naondoka niliacha kitu wazi. Ile mashine sikuwahi kuielewa, nisidanganye. Nilikuwa naibonyeza kwa kidole kimoja huku nikisali. Kama nimewasumbua watu sabini barazani, basi nimewasumbua."

"Kosa la kusahau tu," Meneja akasema. "Kila mtu anasahau. Karani atachukua maelezo, utasaini, utafutwa msimu mmoja, mwakani unarudi." Akaniwekea karatasi. Maelezo yamekwisha chapwa, kasoro saini. Akatoka, akaacha mlango nusu.

Tumebaki wawili.

Mzee akatoa kalamu. "Nisaini wapi, mwanangu?"

Nikamwambia asubiri. Nikamuuliza kama amechukua kibali cha msimu. Akasema bado, alipanga akichukue leo, akitoka hapa. Mizinga kumi ameitundika mwaka huu na mjukuu wake, akaniambia miti yake mmoja mmoja. Sikuuliza. Alikuwa ananiambia tu, anapenda mizinga yake.

Mlangoni akapita Generosa na ndoo. "Mzee wetu! Hata wewe wamekubebesha maji?" Mzee akacheka bila kuelewa. Generosa hakucheka. Alinitazama mimi. Hakukaa, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipoiweka ile karatasi ya Meneja chini ya faili. Nikatoa fomu nyingine ya maelezo, tupu. Nikatafuta kwenye trei ya Yanayoshughulikiwa ile barua yangu ya Januari ya kuomba jina langu mwenyewe la kuingilia, nikaiweka kando ya fomu, muhuri wa kupokelewa ukionekana. Nikasimama.

"Mzee, naomba tubadilishane viti."

"Mgongo?"

Ndiyo, mzee, mgongo.

Akazunguka meza, akakaa kwenye kiti chake kama hakukiacha siku moja. Mimi nimekaa kwenye benchi la watoa maelezo. Ni fupi. Ukikaa hapa meza inakuja kifuani.

Nikamwambia mwandiko wake bado unasifiwa ofisi nzima, na yangu mikono leo haifai. Aniandikie maelezo.

"Maelezo ya nani sasa?"

Nikachukua daftari hili.

Anafuta miwani kwa pindo la koti. Hana haraka. Meneja amechungulia: "Karani, tayari?" Kabla sijafungua mdomo mzee akamjibu kwamba maandishi ya kiofisi hayachapwi viboko, atupe nafasi. Meneja akaona nani amekaa wapi. Hajaondoka. Yuko mlangoni, ameshika komeo, na nyuma yake naiona ndoo ya bluu imesimama.

Mzee ameandika tarehe. Mwandiko mzuri, umenyooka. Amechora mstari chini yake kwa rula.

Sasa amenitazama juu ya miwani na kuuliza, kwa sauti ya miaka thelathini na moja, jina kamili la mtoa maelezo.

Nimemwambia namalizia mstari huu, mzee, nakutajia langu.